Ombi la Kumwingiza Babu Yangu Katika Daftari la Malikale

Lidewij Kwakernaak,
Nyumba ya chini ya tuta,
Ammerswijk.
Alhamisi, 19 Juni

Kwa Mheshimiwa Bi. Van Houweningen,
Mwenyekiti, Kamati ya Kuhifadhi Kinu cha Upepo cha Het Geduld.

YAH: KUINGIZWA KWA BABU YANGU, TEUNIS KWAKERNAAK, KATIKA DAFTARI LA MALIKALE

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Kabla sijafika kwenye malalamiko, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si mchungaji, wala paka. Siku ile ya uzinduzi baada ya ukarabati, mwezi Mei, si babu aliyesimamisha mabawa ya kinu katika hali ya msiba. Ni mimi.

Nakuambia wewe kwa sababu tangu siku ile hakuna mtu kijijini anayezungumza nawe, kwa hiyo naona siri hii itakuwa mahali salama. Sisemi hivyo kwa ubaya. Mimi pia watu hawazungumzi nami sana, ila kwangu sababu ni kwamba huwa siwajibu. Mara nne nimekuja ofisini kwako kukueleza haya kwa mdomo. Mara zote nne nimesoma kibao cha saa za kazi mpaka mwisho, nikapanda baiskeli, nikarudi nyumbani. Saa zenu za kazi nazijua vizuri sasa.

Najua ulihamia Ammerswijk miaka sita tu iliyopita, kwa hiyo naomba nieleze jambo ambalo hapa mtoto hulijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kinu kikisimama, husema. Bawa la chini likisimama kidogo kabla ya kufika chini kabisa, hiyo ni furaha: kuna kitu kinakuja, mtoto amezaliwa, watu wanaoana. Likisimama kidogo baada ya kupita chini, huo ni msiba: kuna kitu kimeondoka. Ukitazama kwa mbele, furaha ni bawa la chini likiwa kushoto. Lakini mwenye kamba ya breki hasimami mbele. Husimama nyuma, na akiwa nyuma halioni bawa la chini kwa sababu mwili wa kinu umelificha. Huliona la juu tu, likichungulia juu ya kofia ya kinu, lile paa linalogeuzwa kuufuata upepo. Kwa hiyo ni lazima ageuze hesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu anatazama la juu badala ya la chini, mara ya pili kwa sababu yuko nyuma badala ya mbele.

Mimi niligeuza mara moja.

Babu alikuwa ameniachia kamba na kwenda mbele kumpokea mgeni rasmi. Alinigonga begani akaniambia, "Kisimamishe kwa furaha, halafu njoo ule biskuti." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimamisha kinu peke yangu. Nilivuta breki taratibu kama alivyonifundisha, mabawa yakatulia bila kutikisika, nikafunga mnyororo. Nilijisikia fahari kiasi kwamba nilisahau biskuti.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini ulikuwa mbele, na mengi yalianzia mbali. Kinu chetu huonekana kutoka vijiji vitatu. Watu walioona mabawa walifanya hesabu fupi: kinu kimesimama kwa msiba, msagaji ana miaka sabini na tisa, basi Teunis amekufa. Mwokaji Stuij, aliyekuwa ameagizwa biskuti zenye punje za sukari za kusherehekea, alizirudisha rafuni, akapakia vipande vya keki ambavyo huku tunavila na kahawa baada ya mazishi. Na jirani yetu, bibi Aagje, alipanda baiskeli huku akilia. Alimkuta marehemu amesimama kwenye zulia jekundu, akimpa mkono mgeni rasmi.

"We Teunis," akamwambia mbele ya watu wote, "mimi nimelia toka darajani mpaka hapa, upepo wa usoni, na wewe umesimama tu na tai shingoni?"

Hapo ndipo mgeni rasmi, ambaye naye alikulia karibu na vinu, alipoinua macho akauliza kwa upole nani amefariki. Wewe ulijibu kwamba hajafariki mtu. Babu aligeuka akatazama mabawa. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia, akasema:

"Ni kinu, Mheshimiwa. Kimekarabatiwa."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na wewe ulibadilika rangi. Jumatatu ikaja barua ya Kamati ikisema kwamba kwa kitendo cha makusudi cha kuaibisha sherehe, Teunis Kwakernaak arudishe ufunguo wa kinu ndani ya siku tatu. Aliurudisha siku ileile, umepakwa mafuta na kufungwa kwenye leso. Alikuwa nao miaka hamsini na mmoja.

Kwenu amesema alifanya makusudi. Nyumbani amemwambia mama kwamba breki mpya iliteleza, kwa sababu mbao zake za mwaloni bado mbichi. Mimi najua kwamba hakukusudia, na najua kwamba breki haikuteleza. Nimenyamaza kwa wiki tano. Namjua babu: akiupata ukweli atakuja kwenu nao saa hiyohiyo, na ninyi mtafunga daftari langu la mafunzo. Mtihani wangu wa usagaji ni Oktoba. Zimebaki saa thelathini na mbili, ambazo ni lazima nizifanye ndani ya kinu, na babu azitie saini.

Kwa kuwa siwezi kumtetea kwa ukweli, nimeamua kumtetea kwa sheria. Nimesoma kanuni zote za malikale, pamoja na viambatisho, na nimegundua kwamba shida nzima imetokana na kosa dogo la kiofisi: mmeandikisha kinu, mkasahau kumwandikisha msagaji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati iliamua kukirudisha kinu katika hali ya mwaka 1871, kwa sababu kuna mchoro wa mwaka huo. Kila kilichokuja baadaye kikaondolewa. Liliondoka benchi ambalo baba yake babu alilichonga majira ya baridi yaliyofuata yale mafuriko makubwa. Likaondoka jiko dogo la kuchemshia kahawa. Likazibwa tundu la paka, maana mchoroni halipo. Paka wetu, Sientje, hukaa nje kila asubuhi akiutazama ukuta pale palipokuwa na tundu. Panya hawakupewa taarifa kuhusu mwaka 1871. Wamekula magunia mawili ya unga na kona ya chini ya ubao wenu wa maelezo, kuanzia neno "uhifadhi".

2. Mchoro huohuo una miti, kwa hiyo Kamati imepanda miti ishirini kuzunguka kinu, ambayo pia inaficha maegesho ya magari. Babu alikuja kueleza kwamba kinu hula upepo, na kwamba kukipandia miti ni kama kumziba mtu mdomo kisha kumwekea sahani. Alijibiwa kwamba mchoro ni ushahidi wa kihistoria. Mheshimiwa, nimeutazama mchoro huo kwa kioo cha kukuzia. Nyuma ya kinu kuna mlima. Ammerswijk iko chini ya usawa wa bahari kwa mita mbili, na kitu kirefu kuliko vyote hapa ni kanisa, kisha kinu, kisha ng'ombe wa Stuij. Nangoja kwa hamu kujua mlima utaletwa lini, na utaegeshwa wapi.

3. Kwa kuwa wageni huja Jumamosi saa nane mchana, na upepo haukutia saini ratiba, Kamati imeficha mota ya umeme ndani ya kofia ya kinu. Jiko la kahawa halikuwepo mwaka 1871. Mota nadhani ilikuwepo. Jumamosi iliyopita upepo ulitoka kaskazini mashariki na kinu kilikuwa kinatazama magharibi. Mota ikawashwa. Kinu kikazunguka kwa furaha huku kimeupa upepo mgongo. Wageni walipiga picha. Wakulima wazee waliokuwa wakipita kwenye tuta waligeuza nyuso upande wa pili, kama mtu anayepita dirishani akamwona jirani yake hajavaa. Babu alikuwa jikoni. Aliinuka akafunga pazia, na babu yangu hajawahi kufunga pazia mchana. Huku kwetu anayefunga pazia mchana ana la kuficha.

4. Kipeperushi. Picha iliyo mbele imechapwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Sikuamini, kwa hiyo niliishika mbele ya kioo mara kadhaa. Maana yake ni kwamba Kamati imekitangaza kinu kikiwa katika msiba tangu mwezi Machi, kwa nakala elfu nane na katika lugha nne. Ikiwa mtu aliyeomboleza alasiri moja ananyang'anywa ufunguo, sijui anyang'anywe nini aliyeomboleza mara elfu nane. Ninauliza tu.

5. Hapa ndipo hoja yangu hasa ilipo. Mkaguzi wenu ameandika katika taarifa ya mwisho kwamba kilichobaki cha asili katika kinu ni asilimia kumi na moja. Mabawa ni mapya. Mhimili ni mpya. Matete ya paa ni mapya na yametoka nchi nyingine. Mawe ya kusagia yamewekwa sebuleni kwenu ili yasichakae kwa kusaga, na mahali pake pamewekwa mawe ambayo hayasagi, ili yasichakae pia. Kwa upande mwingine, nimemkagua babu. Meno mawili si yake, na nyonga ya kushoto ni ya chuma. Vingine vyote ni vya asili, pamoja na masikio, ambayo huyatumia kusikiliza jiwe na kujua kama unga unaungua kabla pua haijajua. Kwa hesabu yangu babu ni wa asili kwa asilimia tisini na nne. Kama daftari la malikale lina nafasi moja tu kwa Ammerswijk, sioni kinu kinaishikilia kwa haki gani.

6. Kanuni zinataka vigezo vinne. Umri uwe zaidi ya miaka hamsini: anayo sabini na tisa. Kiwe adimu: hakuna mwingine upande huu wa mto anayeweza kutazama maji ya mfereji na kukuambia upepo utageuka saa ngapi. Kiwe na uhusiano na mahali kilipo: alizaliwa mita mia tatu kutoka kinuni na hajawahi kuona sababu ya kusogea. Hali yake iwe nzuri: magoti hulia kabla ya mvua, lakini havuji. Naambatisha mchoro wake wa mbele, wa ubavu na wa nyuma. Urefu na upana nitaujaza leo jioni, maana fomu inadai vipimo.

Sasa tazama matokeo yake, Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni mlizozipitisha wenyewe. Malikale haihamishwi kutoka mahali pake pa asili bila kibali cha mkoa. Mahali pa asili pa babu ni ndani ya kinu, kati ya ngazi ya kwanza na kamba ya breki. Kwa hiyo siku mliyochukua ufunguo mlihamisha malikale bila kibali, na mnatakiwa kuirudisha ilipokuwa, kwa namna ileile, na ikiwezekana na benchi lake.

Malikale haibadilishwi. Kwa hiyo yule mtaalamu mliyemleta kumfundisha babu namna ya kutabasamu kwa wageni asirudi.

Malikale hutunzwa kila mwaka. Babu hahitaji makubwa. Anahitaji supu ya njegere Jumamosi, na mtu wa kumpaka mafuta kwenye goti.

Mwisho, na hili linatoka ukurasa wa thelathini na mbili wa kitabu chenu cha matunzo: kinu kinachosimama huoza. Kitabu kinasema ni lazima kizungushwe angalau mara mbili kwa mwezi, la sivyo wadudu huingia kwenye mbao, na uzito wote hukaa upande mmoja mpaka mhimili unapinda. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Babu hukaa kwenye kiti cha dirishani tangu asubuhi. Upepo ukianza, mikono yake hushika pembe za kiti na kuvuta kidogo, kulia, kisha kushoto, kama mtu anayegeuza kofia ya kinu iutazame upepo. Upepo ukitulia, mikono nayo hutulia. Jana ulivuma tangu alfajiri. Alipokuja mezani alishindwa kukata jibini kwa sababu vidole vilikuwa vimechoka. Mama alisema ni baridi yabisi.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, babu yangu aingizwe katika daftari, awekewe kibao kidogo cha rangi ya bluu na nyeupe kama vile vya majengo ya malikale (nadhani atakubali kivaliwe kwenye koti, kama hakitoboi sana), na arudishiwe ufunguo kama kifaa cha asili kinachoambatana na malikale. Tena ninaomba lile jambo la ukurasa wa kwanza libaki kati yako na mimi, hasa asijue yeye. Mwacheni aendelee kuamini kwamba breki iliteleza. Breki haiwezi kuumia ikisingiziwa.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, mweka hazina na mke wake, mkaguzi, mpiga picha, na yule bwana wa mota. Isalimieni miti, tunaitakia afya ya wastani. Mlima ukifika, tafadhali nao muupe salamu za familia ya Kwakernaak.

Wako mtiifu, anayejua saa zako za kazi,

Lidewij Kwakernaak
Mwanafunzi wa usagaji (saa 32 zimebaki)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Jioni nilichukua utepe wa fundi wa nguo nikamwomba babu asimame kwenye fremu ya mlango nimpime. Hakuuliza kwa nini. Alisimama wima, akainua kidevu, akaniacha nipime urefu, mabega, na mzunguko wa kichwa kwenye nafasi ya "paa". Aliporudi kumenya viazi, akasema bila kuinua macho:

"Ukiwa nyuma unageuza mara mbili, Lidewij. Siyo mara moja. Mtihanini watakuuliza hilo."

Akaendelea kumenya.

Alijua. Alijua tangu alipovua kofia mbele ya mgeni rasmi, wakati ule alipotazama mabawa kwa muda mrefu. Aliwaambia ninyi uongo mmoja na mama uongo mwingine, ili popote nitakapogeuka nikute mahali pa kujificha pamekwisha tengenezwa.

Kwa hiyo ninafuta ombi. Fomu inataka kitu kielezwe kama kilivyo, na mimi nimemweleza vibaya kutoka namba ya kwanza mpaka ya sita. Tena mtu mkweli anayeweza kubadilika na kujifunza uongo uzeeni, bila kibali cha mtu, hafai kuwa malikale. Zichane kurasa zote isipokuwa ule wa kwanza. Huo usome mbele ya Kamati nzima, kwa sauti, na jina langu ulitaje. Daftari langu la mafunzo nimeliweka ndani ya bahasha hii. Lichukueni, mtihani utakuwepo na mwaka mwingine. Ila ufunguo mpeni babu, Jumatatu ikiwezekana. Redio imesema upepo utavuma kutoka kusini magharibi.

Ninaomba siri moja tu badala ya ile niliyoiomba mwanzo. Akiuliza kwa nini mmeurudisha, semeni ni kanuni, semeni ni mkaguzi, semeni lolote. Msimwambie kwamba nimewaambia. Amejitahidi sana kunificha kwa wiki tano, na amefanya vizuri sana, na sitaki ajue kwamba nimetoka.